Nyekundu si utovu wa nidhamu

Najua nimeadimika hapa. Mara ya mwisho niliandika kuhusu theluji na bei ya mayai, nikaahidi kurudi wiki inayofuata, kumbe wiki ikawa miezi. Zamu za usiku zimenikaba. Huku Michigan ni mwezi wa nne na bado natoka nyumbani na koti. Lakini leo sikuja kupiga soga. Leo nimekuja kugombana, na wa kwanza ninayegombana naye ni mimi mwenyewe.

Wengi wenu mmeshasikia habari za mpwa wangu, yule mtoto wa dada aliyemaliza uhandisi mitambo. Jina silitaji, mnamjua. Kiwanda anachofanya kazi nacho sikitaji. Ni kiwanda cha mafuta ya kula, inatosha. Yeye ndiye injinia wa matengenezo. Mwezi wa pili aliandika kwenye ripoti yake ya wiki kwamba boila ni mbovu: valvu ya usalama imeganda. Kwa msiojua, boila ni sufuria kubwa ya chuma iliyofungwa, maji yanachemka ndani yanatoa mvuke wa kuendesha kazi za kiwandani. Valvu ya usalama ndiyo pua yake. Presha ikizidi, valvu inafunguka yenyewe na kupumua. Ikiganda, ni sawa na kufunga mfuniko wa sufuria kwa waya halafu ukaongeza kuni. Kijana akaandika: izimwe mpaka valvu ibadilishwe.

Meneja akamrudishia ripoti. Akamwambia afute yale maneno, aandike "inafuatiliwa". Kijana akakataa. Akapewa barua ya kujieleza. Akajieleza, kurasa mbili na picha. Akahamishiwa stoo kuhesabu ndoo na magunia. Na boila, jamani, inachemka mpaka leo.

Sasa naona kwenye grupu la familia mmeitisha kikao Jumapili. Ajenda: kijana aende kuomba radhi. Baba mkubwa amependekeza asindikizwe na mtu mzima, aseme ulikuwa ujana. Shemeji ameandika kwamba mkono unaokulisha huuumi. Mtu mwingine (nakuona, usijifiche) ameandika kwamba hiki kizazi cha vyuo hakina adabu. Vidole gumba vikamiminika chini yake, naviona kumi na moja.

Nataka kusema hivi kabla hamjakaa: mkimpeleka kijana huyu kuomba radhi mtakuwa mmefanya kosa kubwa, na mimi sitachangia hata nauli.

Lakini nilisema naanza na mimi. Alipopata ile barua ya kujieleza, mtu wa kwanza kumpigia simu si mama yake. Alinipigia mimi, mjomba wake aliyezeekea kwenye viwanda vya Marekani. Nilikuwa nimetoka zamu, nina usingizi. Nikamwambia: "Mpwa wangu, andika wanachotaka, mshahara uingie. Kula na kipofu usimguse mkono." Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mjomba, si wewe uliyenitumia kile kitabu?"

Nilijisikia mdogo kama sisimizi.

Kitabu chenyewe kilikuwa kinamhusu mzee mmoja anaitwa Alan Mulally. Nilimtumia mwaka alioanza chuo, pamoja na viatu na kikokotoo. Nikaandika ukurasa wa mbele, "Uwe kama huyu." Nadhani hata mimi sikujua nilimaanisha nini. Nilimaanisha uwe injinia halafu uwe bosi mkubwa, upigwe picha. Ndivyo tunavyosoma habari za hawa watu. Siku hizi kila mhandisi akivaa tai anajiita kiongozi wa mageuzi ya biashara, kuna semina hotelini, kuna bango, kuna posho ya vikao na picha ya pamoja kwenye ngazi. Ukiuliza wamegeuza nini, wamebadilisha nembo.

Basi ngoja niwaambie Mulally alifanya nini, maana niliishi miaka ile hapa hapa, si kwa kusimuliwa.

Mulally ni mtu wa Kansas, katikati kabisa ya Marekani, mashambani. Alisomea uhandisi wa ndege, akaingia Boeing mwaka 1969 akiwa kijana wa miaka 24, akakaa huko miaka 37. Alipita karibu kila ndege waliyotengeneza wakati huo. Ile 777, ndege kubwa ya injini mbili ambayo wengi wenu mmepanda mkija huku kupitia Dubai au Doha, yeye ndiye aliyeongoza utengenezaji wake, ikaruka mara ya kwanza mwezi wa sita 1994. Baadaye akapewa kitengo kizima cha ndege za abiria. Mwaka 2005 kiti cha juu kabisa cha Boeing kikawa wazi, watu wakasema ni chake. Akapewa James McNerney, ambaye hakuwa injinia, alitoka kampuni nyingine. Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa 2006, Mulally akahamia Ford, Dearborn, kama dakika ishirini kwa gari kutoka nilipokuwa nakaa.

Ford ya mwaka ule ilikuwa mgonjwa wa kulazwa. Ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12 kwa mwaka mmoja, 2006. Kitukuu wa mwanzilishi, Bill Ford, alikuwa ameshika usukani akaona mwenyewe hauwezi, akatafuta mtu wa nje. (Hilo nalo si dogo. Ni mara ngapi mmeona mwenye mali akikiri kwamba kazi imemshinda?) Watu wa magari wakacheka kwamba wameletewa rubani. Mmoja wa wakubwa akamwambia gari ni kitu kigumu, lina maelfu ya vipande. Mulally akamjibu kwamba ndege ina mamilioni ya vipande na inabidi ibaki angani.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye mambo.

Alianzisha kikao kila Alhamisi asubuhi. Wakuu wote, hakuna kutuma mwakilishi. Kila mmoja anakuja na chati zake, na kila jambo lina rangi. Kijani maana yake linakwenda sawa. Njano maana yake lina matatizo lakini dawa inajulikana. Nyekundu maana yake limekwama. Wiki ya kwanza chati zote kijani. Wiki ya pili kijani. Kampuni inapoteza mabilioni ya dola na ukutani panafanana na shamba la mpunga. Mulally akawauliza, kwa maneno yangu mimi: tunaelekea kupoteza mabilioni mwaka huu, hakuna hata kitu kimoja kisichokwenda vizuri?

Kimya. Mnakijua kimya hicho. Ni kile kile cha mkutano wa wafanyakazi mkurugenzi akiuliza kama kuna mwenye swali.

Kulikuwa na mkuu mmoja, Mark Fields, aliyesimamia Marekani. Gari jipya, Ford Edge, lilikuwa karibu kuanza kutoka kiwanda cha Oakville, Kanada. Wakasikia mlio wa ajabu chini ya gari wasijue unatoka wapi. Fields akasimamisha gari lisitoke. Na Alhamisi akaweka nyekundu. Mwenyewe amesimulia baadaye kwamba alidhani anafukuzwa, na wenzake walidhani hivyo hivyo, walijivuta kwenye viti kama mtu aliyekaa jirani na mwenye ukoma. Mulally akapiga makofi. Akasema asante kwa kutuonyesha, nani anaweza kumsaidia? Mmoja akasema aliwahi kuona tatizo kama hilo kwenye gari jingine, mwingine akasema atatuma mafundi. Dakika chache, wakaendelea na kikao.

Na bado wiki iliyofuata wenzake walikuja na kijani! Hawakuamini. Walisubiri waone Fields atapotea lini. Walipoona yupo, amekaa kiti kile kile, ndipo polepole nyekundu na njano zikaanza kumea kama uyoga. Mwaka 2014 Mulally alipostaafu, aliyerithi kiti ni huyo huyo Fields.

Vitabu vyote vinasifu makofi. Mimi nilivyozidi kufikiri tangu kijana aniulize lile swali, naona tumesifu mtu asiye sahihi, au tuseme tumesifu nusu. Makofi ni rahisi, mikono unayo. Mwenye moyo ni aliyebeba karatasi nyekundu ndani ya chumba ambacho hakuna aliyewahi kufanya hivyo akatoka na kazi. Kijana wetu ndiye Fields, isipokuwa mbele yake hapakuwa na Mulally. Na nyinyi mnataka kumwadhibu kwa kukosa bahati.

Msidhani namfanya Mulally malaika. Mimi nilikuwa chini kabisa ya hiyo piramidi, kwenye kiwanda kilichotengeneza vipande vya plastiki vya ndani ya magari. Watu wanaposema "aliokoa Ford" bila kufukuza maelfu, nacheka. Mpango wa kufunga viwanda aliukuta, lakini akauendeleza. Kufikia mwisho wa 2006 wafanyakazi wa viwandani kama 38,000 walikubali kiinua mgongo waondoke. Kiwanda cha Wixom, hapa Michigan, kilifungwa 2007. Mwaka huo huo mkataba wa makampuni na chama cha wafanyakazi ukakubali kwamba wapya walipwe karibu nusu ya wazee wanaofanya kazi ile ile, bega kwa bega. Na yeye kwa miezi minne tu ya 2006 alilipwa kama dola milioni 28. Mwezi wa kumi na moja 2008 wakuu wa makampuni matatu ya magari walipokwenda Washington kuzungumzia mkopo wa serikali, kila mmoja alipanda ndege yake binafsi, naye akiwemo. Tulitukana kwenye televisheni, kila mtu kwa lugha yake.

Lakini jambo moja siwezi kumnyima. Mwisho wa 2006, mikopo ikiwa bado inapatikana, waliweka rehani karibu kila walichonacho, viwanda, hata ile nembo ya bluu, wakakopa zaidi ya dola bilioni 23. Walisema wazi kwamba hali ni mbaya na itakuwa mbaya zaidi. Wakauza Aston Martin, wakauza Jaguar na Land Rover kwa Wahindi wa Tata, wakauza Volvo kwa Wachina. Mwaka 2008 mabenki yalipofunga milango, Ford ilipoteza tena zaidi ya bilioni 14, lakini ilikuwa na akiba. Mwaka 2009 Chrysler na General Motors zikafilisika mahakamani, Ford haikufilisika. Hiyo ndiyo tofauti ya mtu aliyekubali kwamba anaumwa mapema na aliyesema ni mafua tu.

Sasa najua baba mkubwa atasema nini: hayo ni mambo ya wazungu, wao wamezoea kusema ukweli. Hapana, baba mkubwa, shikamoo, lakini hapana. Wangekuwa wamezoea, zile chati zisingekuwa kijani.

Hapo General Motors, mtaa wa pili, kulikuwa na swichi ya ufunguo kwenye magari madogo kama Chevrolet Cobalt. Ilikuwa laini mno. Ukiigonga kwa goti au ukitundika rundo la funguo inateleza, injini inazimika barabarani, na mifuko ya hewa ya kukukinga haifunguki. Watu wa ndani walikuwa na habari za swichi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi kabla magari hayajaanza kurudishwa mwaka 2014. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Na uchunguzi ulifukua somo walilokuwa wakiwapa wafanyakazi mwaka 2008, jinsi ya kuandika ripoti. Wasiandike "tatizo", waandike "suala" au "hali". Wasiandike "kasoro", waseme gari halifanyi kazi kama lilivyosanifiwa. Mnaona? Wao "suala", sisi "inafuatiliwa". Neno lile lile limevaa kanzu nyingine. Ripoti ile ilieleza mpaka namna watu walivyokuwa wakitikisa kichwa kikaoni kukubali hatua, wote, halafu wakatoka nje hakuna anayefanya. Kama hujawahi kukaa kikao cha namna hiyo, hujafanya kazi Tanzania.

Na Boeing je, alikotoka Mulally? Mwezi wa sita 2018 meneja mmoja wa kiwanda cha Renton, Ed Pierson, alimwandikia mkuu wa 737 akipendekeza wasimamishe utengenezaji kwa sababu watu wamechoka na makosa yanazidi. Hawakusimamisha. Nisipotoshe: barua ile ilihusu kazi ya kiwandani, na ndege zile mbili za 737 MAX zilianguka kwa programu ya kompyuta iliyokuwa ikisukuma pua chini kwa taarifa ya kifaa kimoja tu kilichokosea. Lakini nyumba ambayo haisikii mlango ukigongwa haisikii na dirisha. Ya kwanza ilianguka Indonesia Oktoba 2018, watu 189. Ya pili mnaikumbuka, tarehe 10 Machi 2019, ilitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, watu 157, Wakenya 32. Jirani yangu hapa, Mkenya, alikesha na simu siku ile akitafuta jina.

Na aliyekuwa mkuu wa Boeing wakati huo, Dennis Muilenburg, alikuwa injinia. Injinia wa kweli, aliingia pale akiwa mwanafunzi wa mazoezi mwaka 1985. Kwa hiyo mnaotuambia dawa ni kuweka mainjinia juu badala ya wahasibu, na mimi nilikuwa mmoja wenu, tuache. Shahada haifungui masikio. Aliondolewa Desemba 2019, akaondoka na stahili za kama dola milioni 62. Wale 346 hawakuondoka na kitu.

Niwasimulie na ya kwetu. Kiwanda changu cha plastiki, mwaka 2007, vipande vibovu tulikuwa tunavifunga utepe mwekundu na kuviweka pembeni. Siku wateja wakija kukagua, msimamizi anatuambia tupakie makreti yote ya nyekundu kwenye trela, dereva anayazungusha mjini mpaka wageni wamekunywa kahawa na kuondoka. Halafu yanarudi. Mimi nilikuwa napakia. Nilikuwa na familia ya kulisha, na karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado, sikusema neno. Mwishoni wateja walijua, maana kipande kibovu hakijui kunyamaza, kinafunguka tu kwenye gari la mtu. Oda zikakatwa. Desemba 2008 tukapunguzwa karibu zamu nzima, na mimi ndani yake. Sisemi wote tungebaki kama tungesema, uchumi wenyewe ulikuwa umeanguka, mwaka uliofuata Michigan kuna wakati watu zaidi ya 14 kati ya kila 100 wa nguvu kazi hawakuwa na kazi. Nasema tu kwamba ukimya wangu haukuninunulia hata wiki moja.

Na hapa ndipo natoa nyekundu yangu, mama akisoma anisamehe. Kuanzia Desemba ile mpaka Julai 2009 sikuwa na kazi ya kiwandani. Nilikuwa nabeba maboksi usiku, siku nikiitwa. Nyinyi mlikuwa mnapiga, "Kaka, mambo vipi huko?" Nami, "Safi, kazi zinakwenda." Kijani. Nikatuma mchango wa harusi kwa kadi ya mkopo, nikaulipa deni lake miaka minne. Na nyinyi mlikuwa mnaniambia ujenzi wa uzio unakwenda vizuri, kijani, na nilipokuja 2011 nikakuta msingi na mbuzi wawili. Sitaki turudi kwenye ugomvi huo, tulishayamaliza. Nasema tunapomwambia kijana ajifunze kufunika kombe, hatumfundishi kitu kigeni. Ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Alichofanya yeye ni kuwa wa kwanza kwenye ukoo huu kukataa kuizungumza.

Msiniambie pia kwamba adabu ya Kiafrika ndiyo inataka hivyo. Mwalimu Nyerere mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, aliandika tathmini yake mwenyewe ya azimio lake mwenyewe, akaeleza yaliyokwama, hakungoja mzungu. Baadaye alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Unaweza kumlaumu kwa makosa yenyewe, lakini huwezi kusema hakuwa Mwafrika wala hakuwa na adabu.

Hoja pekee inayonitisha ni ya dada yangu, mama yake kijana. Yeye hakuandika kwenye grupu. Alinipigia usiku, akasema, "Kaka, wewe uko mbali, ana mke na mtoto wa miezi mitano, kodi ya nyumba inaisha mwezi wa sita." Hiyo si hoja ya heshima wala ya wazungu, ni hoja ya unga. Sina jibu zuri. Inawezekana kabisa asirudi kwenye nafasi yake. Meneja kama yule haamki asubuhi akawa Mulally. Inawezekana atafute kazi mwaka mzima, na huko tunajua watu wanavyopigiana simu kuulizana habari za mtu.

Lakini dada, fikiria pia akienda kupiga magoti. Atarudishiwa nafasi. Atarudishiwa na ile ripoti, na kalamu. Safari hii ataandika "inafuatiliwa" na kusaini jina lake, jina la baba yake marehemu. Na siku ile boila ikipasuka, Mungu apishe mbali, kuna vijana wa zamu pale chini, kuna mama wa chakula anayepika uji pembeni ya ukuta ule, watamtafuta nani? Meneja atatoa faili. Ndani ya faili kuna sahihi moja. Mnamwona anakoswa na kazi, mimi namwona anakoswa na jela, au na kitu kisichotoka kichwani mpaka uzeeni.

Kwa hiyo badala ya ajenda yenu naleta yangu. Kwanza, anayetaka kumsindikiza mtu mzima kiwandani amsindikize, lakini kwenda kukabidhi nakala ya ripoti kwa mkurugenzi, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala nyingine ipelekwe kwa wakaguzi wa usalama kazini. Baba mkubwa, wewe umekuwa karani wa serikali miaka thelathini, unajua thamani ya muhuri kuliko sisi wote. Nakuomba uende wewe. Pili, kodi ya nyumba kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi na mbili ni juu yangu. Nimeshaongea na mke wangu, tumeahirisha safari ya kuja Desemba. Tatu, wale wa vidole gumba, kila mmoja amtumie kijana ujumbe wake mwenyewe, si kwenye grupu.

Kikao ni Jumapili saa kumi jioni ya huko. Huku itakuwa saa tatu asubuhi, nitakuwa nimetoka zamu, sitalala. Wekeni simu katikati ya meza, spika juu, na kijana naye awepo chumbani. Asisubirishwe nje.